Damu safi, ugoko unalia

Jana nimetoka kliniki ya baridi yabisi na majibu mazuri. Kipimo cha uvimbe kwenye damu kimeshuka. Daktari kapitisha vidole kwenye mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole na magoti, viungo vyote 28 wanavyohesabu, hakuna kilichovimba. Methotreksati, dawa ninayomeza kila Jumapili, imefanya kazi yake. Mbona basi jioni ile ile, nakamua tui, nilipolifinya chicha machozi yakanitoka?

Mwaka jana nilimweleza daktari mwingine hivyo hivyo. Akafunga faili: "Mama, damu yako safi." Mama mkwe akalidaka hilo neno, akahesabu nimepona. Tangu hapo nikiacha nguo kwenye beseni, anaguna. (Na jina nalo limetuponza. Watu wakisikia "baridi yabisi" wanalaumu feni, kumbe ni kinga ya mwili inayoshambulia viungo vyake yenyewe.)

Huyu wa sasa ni kijana tu. Jana alinibonyeza ukucha wa kidole gumba, kisha ugoko, katikati ya mfupa, mahali ambapo ugonjwa huu hauna shughuli napo. Niliruka. Hakucheka. Akasema wengi wetu huwa hivi: viungo vikiuma miaka, uti wa mgongo na ubongo huzoea kupokea taarifa za maumivu mpaka vinaanza kuzikuza. Uvimbe unaondoka, mazoea yanabaki. Ndiyo maana dawa inaweza kuushinda ugonjwa na mtu bado akalia. Kisha akaniuliza usiku napata usingizi wa saa ngapi. Nilidhani anabadilisha mazungumzo, kumbe kukosa usingizi kunazidisha hayo hayo maumivu, nami silali.

Sikupewa dawa mpya. Nimepewa mazoezi mepesi na maagizo ya kulala. Nilitoka nikiwa mwepesi kuliko siku niliyopewa vidonge, labda kwa sababu safari hii hakuna aliyenifanya mwongo.

Usiku nikamsimulia mama mkwe. Akanyamaza, kisha akanishika ugoko kwa vidole viwili, taratibu, kama anayepima embe.

"Hapa?"

"Hapo hapo, mama."

Akauondoa mkono kama kagusa sufuria ya moto.

Asubuhi nimekuta nguo za beseni ziko kambani. Nazi kaniachia. Anasema tui langu linashinda la binti zake.