Fuwele Zilizoyeyuka Katika Tone la Soda

Nilikuwa fundi msaidizi katika maabara ndogo ya visumbufu vya mimea mkoani Arusha msimu ambao viwavijeshi walivamia malisho kaskazini mwa mji. Ugonjwa wa virusi uliwashika wakiwa wameshamaliza nyasi, kama inavyotokea mara nyingi, na wafugaji hawakuona sababu ya kuushukuru. Viwavi wagonjwa walikuwa wamepanda hadi kwenye ncha za majani na kufia huko, wakining'inia, ngozi zao zimelegea kiasi kwamba ukiwagusa tu zilipasuka na kumwaga maji ya kahawia. Tuliwatia katika chupa tukarudi nao.

Mkuu wetu, mzee aliyeshughulika na wadudu hao tangu ujana wake, aliniagiza nitandaze tone la maji yale juu ya kioo cha hadubini bila kutia rangi yoyote. "Virusi vyenyewe hutaviona kwa hadubini hii, binti," aliniambia. "Utaziona nyumba zao."

Niliona chembe nyingi mno, zenye kung'aa na pembe butu, nyingi zikiwa na upana wa mikromita moja au zaidi kidogo. Nilipomwomba anieleze zimetoka wapi, mzee alivuta kiti akaanza mbali. Bakulovirusi, yaani virusi vya ugonjwa huo, vikishaingia katika kiini cha seli ya kiwavi, alisema, kazi yao ya kwanza ni kuzaana na kutoka kwenda kushambulia seli za jirani. Baadaye mwelekeo hubadilika. Virusi vipya huzuiwa humo humo ndani ya kiini, vinavikwa utando, na wakati huo huo jeni moja huanza kufanya kazi kwa nguvu isiyo ya kawaida, ikiiamuru seli itengeneze protini iitwayo polihedrini. Protini hiyo huweza kufikia robo ya protini yote ya seli, au hata zaidi. Ikijazana hivyo, molekuli zake hushikamana tatu tatu, na mafungu hayo hujipanga safu juu ya safu hadi kuwa fuwele, ambayo huvifunika virusi vilivyokuwa karibu bila kuvunja mpangilio wake. Protini nyingine, p10, hufanya nyuzi ndani ya seli na kusaidia fuwele ipate ganda lake la nje. Hakuna kiungo cha seli kinachosimamia upangaji huo. Umbo la polihedrini lenyewe linatosha. Mpaka leo naona hilo ndilo jambo la ajabu kuliko yote katika ugonjwa huu, kupita hata kile kifo cha kwenye ncha za nyasi ambacho watu hupenda kukisimulia.

Nilimuuliza kiwavi mwingine anapatwaje na ugonjwa ikiwa virusi vimefungiwa namna hiyo. Mzee hakujibu. Alichukua chupa ya soda ya maabara, ambayo ni ndugu wa magadi tunayotia katika maharage, ila safi na kali zaidi, akadondosha tone ukingoni mwa kioo cha kufunikia na kunirudisha kwenye lenzi. Soda ilipovutwa chini ya kioo, fuwele zilizokuwa upande ule zilivimba, zikapoteza mng'ao, kisha zikatoweka moja baada ya nyingine, yakabaki maganda hafifu yaliyoonekana kwa shida. Zile za upande wa pili, ambako soda ilikuwa haijafika, zilikuwa bado nzima. Hapo ndipo aliponieleza kwamba utumbo wa kati wa kiwavi una pH inayofikia 10 au 11, yaani una alkali kali kama ile soda, kwa hiyo fuwele inayoweza kukaa udongoni mwaka mzima au zaidi huyeyuka upesi mara inapomezwa pamoja na jani, ikaviachia virusi mahali hasa vinapotakiwa.

Mpangilio wa atomi za fuwele hizo ulichapishwa nikiwa nimeshaondoka pale, mwaka 2007 kwa virusi vya nondo wa hariri ambavyo hubeba jeni zao katika RNA, na 2009 kwa bakulovirusi, ambavyo huzibeba katika DNA. Jamii hizo mbili hazina undugu, lakini fuwele zao zimepangwa kwa namna iliyokaribiana sana, na zote mbili huyeyushwa na utumbo wa kiwavi.

Jioni ile tuliwasaga viwavi waliobaki, tukachuja kwa kitambaa na kuuacha mchujo utulie, nasi tukapata tabaka jeupe la fuwele chini ya chupa. Nilitaka tukawanyunyizie viwavi wengine kesho yake asubuhi, mzee akakataa. Fuwele huvikinga virusi dhidi ya ukavu na kuoza, alisema, lakini haiuzuii mwanga mkali wa jua, ambao huweza kuviua juu ya jani katika muda mfupi. Tulinyunyiza saa kumi na mbili jioni, ili viwavi wapate usiku mzima wa kula.