Mradi wa nguruwe Njombe: watoto wa kipupwe kwa soko la Desemba

Hesabu yenyewe ndiyo inayotubana. Mchinjaji wa kitimoto anayekuja Desemba anataka nguruwe wa kilo 80 hadi 90, na kwa chakula chetu cha pumba na mashudu uzito huo hufikiwa kwenye miezi saba hivi. Rudi nyuma miezi saba kutoka Krismasi, unaangukia mwisho wa Mei. Mimba ya nguruwe ni siku 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, kwa hiyo jike apandishwe mwanzoni mwa Februari. Kwa mfugaji wa Kibaha, kwenye joto la Pwani, hesabu ingeishia hapo. Huku Njombe mwisho wa Mei ndipo baridi inapoanza kuuma, na Juni hadi Julai kuna asubuhi majani yanaamka meupe kwa barafu.

Mei

Jike mzazi anastarehe kwenye nyuzijoto 18 hadi 20. Mtoto aliyezaliwa leo anataka zaidi ya 30, na hao wote wanalala chumba kimoja. Ukipasha joto banda zima mama anahema, anaacha kula, maziwa yanapungua, na mkaa umekwisha. Kwa hiyo tunapasha kona tu. Fundi ametutengenezea sanduku la mbao lenye kifuniko na mlango mdogo ambao mama hawezi kupita, sakafu yake imeinuliwa kidogo juu ya zege, na ndani tumejaza maranda ya msonobari. Kwa maranda Njombe tumebarikiwa. Karakana za mbao zimejaa na wengine wanafurahi ukiwapunguzia rundo. Balbu ya joto inaning'inia kwa mnyororo, kamwe si kwa waya wake. Umeme ukikatika tunaingiza madumu ya maji ya moto yaliyovishwa viroba. Jiko la mkaa sitaki lisogee hapo: cheche moja kwenye maranda na mradi umekwisha, achilia mbali ule moshi.

Jirani mmoja, mzee aliyefuga kabla yetu sote, alinishauri nizibe banda lote kwa turubai. Nimeziba chini tu, hadi usawa wa mgongo wa nguruwe. Juu nimeacha wazi, maana banda lililofungwa kabisa hunuka mkojo hadi macho yanawasha, na baada ya muda unaanza kusikia vikohozi.

Juni

Wamezaa. Kipimajoto kipo, ila ninachokiamini zaidi ni jinsi watoto wanavyolala. Wakipandana juu kwa juu, baridi; wakisambaa na kukwepa balbu, joto limezidi; wakijipanga ubavu kwa ubavu, niende nikalale. Kazi kubwa ni saa za kwanza: kila mtoto akaushwe na apate maziwa ya mwanzo, kwa sababu anazaliwa hana akiba ya mafuta mwilini, na akishapoa hana nguvu ya kunyonya, asiponyonya anazidi kupoa. Wengi wanaohesabiwa kwamba "wamelaliwa na mama" walikuwa tayari wamezizima, hawakuweza kumkwepa.

Siku ya tatu, sindano ya madini ya chuma, miligramu 200 kila mmoja. Wazee hutupia bonge la udongo mwekundu bandani, na kweli watoto huula, lakini udongo huohuo unaweza kuleta mayai ya minyoo. Nimebaki na sindano.

Mama anayenyonyesha anakula kilo mbili za msingi, na karibu nusu kilo zaidi kwa kila mtoto. Hapo ndipo fedha inapokwenda. Habari njema ni kwamba mavuno ya mahindi yanaanza na pumba itashuka bei, kwa hiyo tunanunua ya kukaa. Hatari yake ni unyevu. Magunia yako juu ya chaga, mbali na ukuta, na gunia lenye harufu ya ukungu halipiti hata liwe la bure. Mbali na sumukuvu ya kawaida (aflatoksini), kuna sumu ya ukungu mwingine wa mahindi inayofanya majike wachanga wavimbe uke kama wanaotaka dume, na unapoteza msimu mzima ukiwapandisha bila mafanikio. Viazi vidogo visivyo na soko tunavichemsha na kumwaga maji yake. Vya kijani havitumiki.

Langoni

Homa ya nguruwe ya Afrika iliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, na hadi leo mfugaji wa huku hana chanjo wala tiba yake. Lango ndilo dawa. Mnunuzi mwenye gari haingii. Anatoka banda hili kwenda lile, na buti zake zimekanyaga kote. Nguruwe anatolewa, anapimwa nje, na akishatoka harudi hata bei isipoafikiwa. Mabaki ya hotelini tumekataa kabisa. Dume la kuazima pia tumekataa, ingawa hilo limenigharimu urafiki na mtu mmoja.

Julai

Watoto wameachishwa wakiwa na wiki sita. Tumemwondoa mama na kuwaacha wao palepale walipozoea, kwenye sanduku lao, ili wasibebeshwe chakula kipya na baridi ya chumba kipya kwa pamoja. Jike ambaye kwa uzazi wa pili mfululizo ameachisha chini ya wanane anaandikwa kwa ajili ya mchinjaji, hata awe mpole namna gani.

Majike wengine tuliwapandisha Mei, wazae Septemba kwa soko la Pasaka. Hao hawatahitaji balbu sana, ila watakuwa wanakula kwa wingi kuanzia Januari, pumba ikiwa ghali. Nimefungua kurasa mbili kwenye daftari, moja ya umeme na madumu, nyingine ya pumba. Aprili nitajua kundi lipi limeacha faida zaidi, na dume atapangiwa kazi kwa hesabu hiyo.