Nilivyoacha kuliamini jua nikaiamini nondo

Kwa miaka mitatu nililima mchicha na saladi hapa Tengeru, Arusha, kwa mbolea niliyoipata karibu bure kwa jirani anayefuga kuku wa nyama, ambaye kila baada ya wiki tano au sita huuza kundi zima na kutoa bandani maranda yote yaliyoshiba kinyesi. Niliyaanika siku nne, nikayavunjavunja kwa jembe na kuyamwaga kwenye matuta. Mzee mmoja wa mtaani aliniambia, "Mwanangu, jua hili halibakizi kitu," nami nikakubali kwa heshima na kwa uvivu, kwa kuwa maneno yake yalinipunguzia kazi.

Mambo yaliharibika pale mnunuzi wangu anayepeleka mboga hotelini alipopima saladi maabara akanirudishia mzigo wote pamoja na karatasi inayosema umekutwa na E. coli, bakteria wa kinyesi. Ng'ombe walishiba siku hiyo. Ndipo nilipoelewa kwamba kuku anaweza kubeba salmonela tumboni bila kuonyesha ugonjwa wowote, na kwamba bakteria hao wanaweza kustahimili ukavu wa maranda wakisubiri maji ya mfereji. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka mbolea mbichi itiwe shambani angalau siku 120 kabla ya kuvuna zao linalogusa udongo, ilhali mchicha wangu huwa sokoni ndani ya mwezi mmoja.

Nikashauriwa tena, safari hii na kijana mwenye kujiamini sana, kwamba nirundike mbolea, nilifunike lundo na kulisahau. Nililisahau vizuri kabisa. Nilipofunua turubai baada ya mwezi, harufu ya amonia ilinitoa machozi mbele ya vibarua wangu, katikati mbolea ilikuwa inanata kama ugali mbichi, na pembeni, ambako palikuwa baridi kama mtungi, funza wa nzi walikuwa wakitembea kwa raha zao. Kinyesi kilikuwa kingi mno, vitu vikavu vichache, na lundo lenyewe halikunifika magotini.

La pili nilichanganya na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa na majani makavu ya migomba, nikalipandisha hadi kifuani. Maji nilipima kwa kiganja: ukikamua konzi moja yadondoke matone mawili matatu tu, yasichuruzike. Kipimajoto sikuwa nacho, ila fundi wa kuchomelea mageti alinipa kipande cha nondo, na hapo ndipo ninapojisifu. Niliichomeka hadi moyoni mwa lundo, nikanywa chai kikombe kizima, kisha nikaichomoa na kuikamata ncha yake. Nikiweza kuhesabu hadi kumi bila wasiwasi, lundo limelala. Nikiiachia kabla ya tatu, linafanya kazi. Siku niliyoazima kipimajoto kilisoma nyuzi 62, na asubuhi hiyo nondo ilikuwa imenishinda kwenye mbili.

Kinachotakiwa ili joto liue bakteria ni nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na katika siku hizo ligeuzwe mara tano, la nje likiingia ndani, maana bakteria wa pembeni hawajui kwamba katikati kunaungua. Turubai na vibarua vilinila kama laki moja na ushee. Koleo la mbolea mbichi lisiguse iliyoiva, hili nililijua.

Nisilolijua ni kuku wangu mwenyewe. Lundo lilipopoa na kunukia udongo wa mvua, jogoo wa kienyeji aliongoza familia yake juu yake, wakachakura na kujisaidia siku nzima nikiwa sokoni Kilombero. Nikaanza upya kulipasha moto lundo zima. Wavu wa kulizungushia uligharimu kuliko turubai, na jogoo tulimla Pasaka.