Pekingese: Mbwa wa Makasri, Pua Bapa na Joto la Dar es Salaam

Mbwa wa Pekingese hafikishi hata kilo saba, lakini hujihesabu kuwa ndiye mwenye nyumba. Wangu akiitwa huja akipenda, na mgeni hana budi kuvumilia kukaguliwa kwa jicho la dharau kabla hajakubaliwa. Majivuno hayo yana asili yake, kwani kwa karne nyingi mbwa hawa walilelewa katika makasri ya wafalme wa China. Mwaka 1860 wanajeshi wa Uingereza na Ufaransa walipolipora Kasri la Kiangazi huko Beijing, waliwakuta humo mbwa watano, na mmoja wao akaishia mikononi mwa Malkia Victoria.

Uso ule bapa unaowavutia wengi ndio chanzo cha karibu kila shida yake. Wazalishaji walifupisha fuvu, lakini nyama za ndani hazikupungua kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo kaakaa laini, yaani nyama ya nyuma ya paa la kinywa, huning'inia hadi kuziba njia ya hewa, na matundu ya pua huwa membamba mno. Kwa kuwa mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, mnyama wa namna hii, tena mwenye manyoya ya tabaka mbili, huteseka sana katika joto na unyevunyevu wa Dar es Salaam. Wangu hutembezwa alfajiri, akivalishwa mkanda wa kifuani badala ya kola inayobana koo, na mchana kutwa hulala juu ya vigae, feni ikimpepea. Akihema kwa kukoroma huku ulimi ukigeuka rangi ya zambarau, hapo si pa kungoja: mloweshe kwa maji, mpepee, umkimbize kwa daktari wa mifugo.

Kila asubuhi ninauinua kwa kidole gumba mkunjo ulio juu ya pua, ninaufuta kwa pamba yenye unyevu kidogo, kisha ninaukausha vizuri, maana unyevu ukibaki humo ngozi huwa nyekundu na kutoa harufu ya uvundo. Papo hapo ninayatazama macho, ambayo kwa kutokeza kwake hukwaruzwa kwa urahisi, hata na nywele za usoni. Jicho likifumbwafumbwa au kutoa machozi kuliko kawaida, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, kwani kidonda cha jicho huweza kulipofusha. Manyoya yachanwe mara kwa mara, hasa nyuma ya masikio, na asiachwe kuruka kutoka kwenye kochi, kwa sababu uti wake wa mgongo ni dhaifu.

Anayetaka kununua asikimbilie mtoto mwenye uso bapa kuliko wenzake. Kwangu mimi, huo si uzuri wa kulipia fedha. Atafute mwenye matundu ya pua yaliyo wazi. Na muuzaji akidai kwamba kukoroma ni kawaida yao, aombwe amtembeze mama wa mtoto huyo wa mbwa uani kwa dakika chache, kisha mnunuzi asikilize jinsi anavyopumua akirudi.