Kijiji husomwa kwa mikorosho: mahame ya Uwanda wa Makonde

Barabara itokayo Mtwara kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala hadi Masasi inapita katikati ya vijiji vinavyofanana kama mapacha. Nyumba zimejipanga pande mbili, kuna mwembe wa mikutano, msikiti, shule, ghala la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Mgeni anaweza kudhani vijiji hivi vimekuwa hapo tangu enzi. Vingi havijafika hata miaka sitini mahali pale vilipo. Historia yake iko mashambani, kwenye mahame, yaani makazi ya zamani yaliyohamwa, na anayetaka kuisoma hana budi kuanza na mikorosho.

Mahame yana alama zake. Ukikuta porini miembe miwili mitatu imekaribiana, mashina makubwa kiasi cha watu wawili kushikana mikono kuyazunguka, hapo palikuwa na ua wa mtu. Tafuta chini vigae vya vyungu na jiwe la kusagia. Shimo pana lililomea majani ndipo udongo wa kukandikia nyumba ulipochimbwa. Kisha itazame mikorosho yenyewe. Ya zamani haina mpangilio, matawi yameingiliana, shina moja mara nyingine ni mashina mawili yaliyokua pamoja, kwa sababu mkulima alifukia mbegu mbili tatu shimo moja katikati ya muhogo na mtama. Alivuna chakula misimu michache, akahamia kipande kingine, akauacha mti ukue. Kabla ya hapo kipande kama hicho kilirudi kuwa kichaka ili udongo upumzike, mkorosho ukakikalia. Ukikuta mistari iliyonyooka, mita 12 kwa 12, yaani miti kama 28 kwa ekari, huo ni upandaji wa kitaalamu wa miaka ya baadaye.

Watu walijificha kwenye vichaka hivyo kwa sababu. Uwanda huu wa Makonde ulikuwa kimbilio la waliokimbia mashambulizi ya Wangoni na wafanyabiashara ya utumwa, na kichaka kinene kilikuwa boma tosha. Waliishi vikundi vidogo vidogo chini ya mkulungwa, yaani mkuu wao, mbali na maji, mbali na njia kuu.

Kisha vikaja vijiji vya ujamaa. Mkoa wa Mtwara ulianza mapema kuliko mikoa mingi, kwa kuwa vita vya ukombozi vya Msumbiji vilikuwa ng'ambo tu ya Ruvuma na serikali ilitaka watu wa mpakani wakae pamoja. Novemba 1973 kuishi kijijini kukawa amri kwa nchi nzima. Watu wakaletwa barabarani, palipokuwa na shule, zahanati na bomba. Hizo zilikuwa faida za kweli, na wazee wengi huzitaja wenyewe. Ila mikorosho haihamishiki.

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie kidogo, apige hesabu. Korosho haichumwi, husubiriwa ianguke yenyewe, ndipo iokotwe. Uangukaji huo huendelea miezi mitatu hivi, kuanzia Septemba au Oktoba. Mwenye nyumba kando ya shamba hupita asubuhi na jioni na kikapu chake. Aliyehamishwa kilomita saba hutumia karibu saa tatu kwenda na kurudi kabla hajaokota hata punje moja, kwa hiyo huenda mara moja au mbili kwa wiki. Bibo, lile tunda laini lenye maji linaloshikana na korosho, likilala chini siku nne huoza, maji yake yakaipaka korosho madoa, na mvua za mwisho wa Novemba zikiikuta hapo hushuka daraja. Asiyefika shambani hafyeki, na pasipofyekwa moto wa kiangazi hupita chini ya miti na kuimaliza. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani kama 145,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Bei ndogo ilichangia, kuvunjwa kwa vyama vya ushirika mwaka 1976 kulichangia, na ugonjwa nitakaouleza ulichangia sana. Lakini kusema wakulima wa Kusini walikuwa wavivu ni kuwaonea. Mti ulikuwa huko na nyumba huku.

Ugonjwa wenyewe ni ubwiriunga. Ni ukungu unaoonekana kama unga mweupe wa kijivu juu ya majani machanga na maua. Ua lililoshikwa hugeuka jeusi na kudondoka bila kufunga. Hupenda usiku wa baridi wenye umande, na huo ndio hasa usiku wa uwandani Juni hadi Agosti, mikorosho inapotoa maua. Shamba lililotelekezwa liliulea bila kujua: machipukizi yanayoota ndani ya mti nje ya msimu ndiyo makazi yake wakati hakuna maua. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni panga, kuyaondoa hayo kabla ya Juni na kupogolea ili jua lipenye. Watu wengi huiruka hatua hii, wakaja kulalamikia dawa.

Dawa iliyozoeleka ni salfa ya unga. Kipimo kinachofahamika ni robo kilo kwa mti kila mzunguko, mizunguko mitano, kila baada ya siku 14, kuanzia maua yanapochipua. Maana yake mti mmoja unakula kilo moja na robo kwa msimu, na mfuko wa kilo 25 unatosha miti 20. Hupulizwa kwa bloa ya mgongoni alfajiri, upepo umetulia na umande bado uko kwenye majani, ili unga ushike. Ukipuliza saa nne asubuhi, nusu ya fedha yako imekwenda na upepo. Salfa iliyopata unyevu huganda na kuziba bomba la bloa. Na haiponyi ua lililokwisha kufa, inalinda tu lililo hai, ndiyo maana aliyechelewa hadi Agosti haoni tofauti. Jirani asiyepuliza huwarudishia ukungu wote. Mpulizaji afunge kitambaa puani na avae miwani, maana unga huo unachoma macho. Liko jambo jingine lisilosemwa vya kutosha: salfa ya miaka na miaka huongeza uchachu wa udongo, na udongo wa huku ni mchanga usio na nguvu ya kuuhimili.

Na majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, muwaache. Wanang'ata, ndiyo, lakini wanawinda mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi na kuyakausha. Wengi huwachoma moto ili waokotaji wapumue, kisha wananunua dawa ya kuua mbu waleyale.

Baada ya kuokota, korosho hunyongwa kutoka kwenye bibo bila kuacha nyama, huanikwa juani siku mbili tatu hadi zilie mkononi ukizitikisa, kisha hutiwa kwenye gunia la juti la kilo 80. Salfeti, yaani mfuko wa plastiki, hutunza joto na unyevu, usiitumie. Tangu msimu wa 2007/08 korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani mkulima hukabidhi mzigo ghalani akapewa stakabadhi, kupitia chama cha msingi na mnada. Anayebanwa na njaa kabla ya msimu bado hunaswa na kangomba, kile kipimo cha mlanguzi kinachozidi kilo.

Kama mkorosho ulibaki nyuma, maji ndiyo yaliyowasubirisha watu hata huko mbele. Uwanda hauna mito. Chemchemi ziko chini ya mteremko, na kwa vizazi wanawake walishuka usiku na kupanda na mtungi kichwani. Ndiyo maana utaona kisima cha saruji mbele ya nyumba nyingi za Newala, kinachovuna maji ya paa. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 6 kwa 8, kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, hutoa lita 48,000. Toa sehemu ya tano inayopotea, zinabaki kama 38,000. Familia inayotumia ndoo sita za lita 20 kwa siku inahitaji lita 24,000 kuvuka siku 200 za kiangazi. Bati linatosha. Kinachoshindikana ni shimo kuwa dogo, mfereji wa bati usiofika upande wa pili wa paa, au ufa kwenye lipu. Mvua ya kwanza iachwe ipite, inaosha vumbi na vinyesi vya ndege. Mdomo ufunikwe, kwa ajili ya mbu na kwa ajili ya watoto.

Anayetaka kuandika historia ya kijiji chake asianze kwa kumuuliza mzee kijiji kilianza mwaka gani. Atapewa mwaka wa barabarani. Waende wote shambani, asubuhi, na amuulize: "Babu, mkorosho huu alipanda nani?" Kwa mila ya Wamakonde ukoo ni wa upande wa mama na ardhi ni ya ukoo, ila mti ni wa aliyeupanda, kwa hiyo jibu litaleta majina: aliyepanda, mjomba aliyempa kipande, watoto na wapwa waliogombania. Andika jina, pima hatua toka mti hadi miembe ya mahame, weka alama kwenye ramani ya simu. Fanya hivyo mwaka huu. Mikorosho mizee inakatwa, visiki vinabebeshwa vikonyo, yaani vichipukizi vya kuunganishia, vya aina mpya au vinang'olewa kupisha mistari ya mita 12, na kisiki hakionyeshi tena nani alikaa hapo.