Unga wa maziwa ya wanyama yatima na unyevu wa Pwani

Kituo chetu kiko Kwale, si mbali na msitu wa Shimba Hills, na kazi yangu ni kulea watoto wa wanyamapori waliofiwa na mama zao, kwa kibali cha KWS, shirika la serikali ya Kenya la wanyamapori, mpaka waweze kujilisha. Wanaoletwa zaidi ni pongo, paa na komba, na mara mojamoja mbega mchanga, bado mweupe pepe, aliyekutwa amemng'ang'ania mama yake aliyegongwa na gari katika barabara ya Diani. Wageni huuliza tunawanywesha nini. Maziwa hayo yanawekwa wapi hakuna anayeuliza, nami sikujiuliza mpaka nilipopata hasara.

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua gunia la kilo 20 la unga wa maziwa ya kulelea watoto wa mbuzi, kwa kuwa bei yake kwa kilo ilikuwa nafuu kuliko ya mifuko midogo. Wakati huo nilikuwa na pongo mmoja tu, ambaye kwa siku hakumaliza hata gramu 100, kwa hiyo gunia hilo lingenichukua zaidi ya siku 200. Nililiweka katika stoo ya mabati, mdomo nimeufunga kwa kamba, na likapita pale joto la Machi na masika yote. Mnamo Juni unga ulikuwa umeshikana mabonge, una rangi ya manjano na harufu ya mafuta ya karanga yaliyokaa. Nikachekecha mabonge, nikaendelea kunywesha. Siku ya tatu pongo akaanza kuhara, na ilitubidi kumpa maji ya chumvi na sukari kwa wiki nzima, kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, ndipo akapata nafuu.

Daktari huyo alinieleza kwamba mafuta yaliyomo katika unga huharibiwa na hewa, joto na mwanga, na kwamba unga wenyewe hunyonya unyevu, na ukishanyonya vijidudu hupata makao. Tangu hapo sinunui zaidi ya unga wa miezi miwili. Mfuko ukifika, nauchanganya vizuri kwa kijiko kikavu, kisha naupima kwa mizani na kuugawa katika pakiti za wiki moja moja, nikizikamua hewa na kuziandika tarehe ya kufungua na ya mwisho wa matumizi. Pakiti huingia ndani ya ndoo yenye kifuniko cha kubana, kwa sababu panya na sisimizi wa huku hawazuiwi na nailoni, halafu ndoo huingia ndani ya friza.

Friza nayo ilinipa somo lake. Mwanzoni nilikuwa naitoa pakiti na kuifungua papo hapo, na hewa yetu ya Pwani ikigusa unga ule wa baridi hugeuka umande, hivyo jioni ya siku hiyohiyo nilikuta mabonge yaleyale niliyoyakimbia. Sasa pakiti hutoka usiku, hulala juu ya meza ikiwa imefungwa, na hufunguliwa asubuhi ikishafikia joto la chumba. Kwa maoni yangu, asiyeweza kuvumilia usiku huo mmoja ni afadhali aweke unga wake mahali pakavu penye kivuli na kuachana na friza kabisa. Stima hukatika mara kwa mara, kwa hiyo nafasi zilizobaki nimezijaza chupa za maji yaliyoganda, nazo hushikilia baridi kwa saa nyingi mfuniko usipofunguliwafunguliwa.

Komba na mbega hutumia maziwa ya kopo ya watoto wachanga wa binadamu. Hayo nayachanganya na maji yasiyopungua nyuzi 70, kwa kuwa unga hata ukiwa mpya hauna uhakika wa kuwa safi kabisa, kisha nayapoza mpaka tone lisisikike moto wala baridi kwenye kiganja. Yaliyokwisha changanywa hukaa ndani ya friji kwa saa 24 tu, na yanayobaki ndani ya chupa mnyama akishanyonya humwagwa, hata kama ni nusu chupa. Kijana anayenisaidia hulalamika kwamba tunamwaga pesa. Yeye hakuwapo Juni ile.