Fungu la Aliyebaki Kijitoni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la juma hili ni 1 Samweli 30, mstari wa 9 hadi wa 25. Lisomeni kwanza wenyewe, maana mimi leo nitaanzia mbali, Brazil, tena kwenye tenisi, mchezo ambao wengi wetu tunauona tu tukiwa tunatafuta mpira wa miguu kwenye televisheni. Nivumilieni.

Mwaka 1985, baba mmoja wa Florianópolis, kusini mwa Brazil, aitwaye Aldo Kuerten, alikuwa akichezesha mechi ya tenisi ya vijana. Moyo ukamshika palepale uwanjani, akafariki. Aliacha mjane na wana watatu. Wa katikati, Gustavo, ambaye Brazil nzima inamwita Guga, alikuwa na miaka minane. Wa mwisho, Guilherme, alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, ubongo ukaumia, akaishi na mtindio wa ubongo maisha yake yote.

Baadaye akatokea kocha, Larri Passos, akamwambia yule mama mjane na mwanawe kwamba mtoto huyu anaweza kuishi kwa tenisi. Hebu jiwekeni mahali pa yule mama. Mchezo uleule uliomchukulia mume, nyumbani kuna mtoto wa kulishwa na kubebwa, na mtu anakuja kukuombea mwingine aende kupiga mipira. Akakubali.

Juni 1997 Guga alikuwa na miaka 20, namba 66 duniani, hajawahi kutwaa taji lolote la ngazi ya juu. Akaenda Paris, kwenye mashindano makubwa ya Roland Garros, yanayochezwa kwenye viwanja vya udongo mwekundu. Akamtoa Thomas Muster, bingwa wa 1995. Akamtoa Yevgeny Kafelnikov, bingwa wa 1996. Kwenye fainali akamfunga Sergi Bruguera, bingwa wa 1993 na 1994, seti tatu kwa bila; pale mwanamume anayetangulia kufikisha seti tatu ndiye mshindi. Kijana mwembamba, nywele timutimu, sare ya bluu na manjano ambayo wazee wa tenisi walidhani amekosea njia ya kwenda ufukweni. Alirudia ubingwa huo 2000 na 2001. Mwishoni mwa 2000, mjini Lisbon, aliwapiga vigogo wa Marekani, Pete Sampras na Andre Agassi, mmoja baada ya mwingine akamaliza mwaka akiwa namba moja duniani. Kabla yake hakuna mwanamume wa Amerika Kusini aliyewahi kuufunga mwaka kileleni mwa orodha hiyo.

Mahubiri ya michezo kwetu huwa ni yaleyale. Paulo, mbio, taji isiyoharibika, amina. Sina ugomvi na Paulo. Lakini kilichonishika katika habari ya Guga ni vikombe vilikokwenda.

Bingwa wa Roland Garros haondoki na kombe lenyewe. Lile kubwa hubaki Paris, yeye anapewa mfano wake mdogo wa kwenda nao nyumbani. Guga alipata mifano hiyo mitatu, na yote mitatu alimpa Guilherme, pamoja na vikombe vingine alivyoshinda. Mtoto ambaye hakuwahi kushika raketi ndiye aliyekuwa mwenye kabati. Tena kila mwaka Guga alichagua shindano moja, fedha yote aliyopata humo akaipeleka kwa shirika la mji wao linalowahudumia wenye ulemavu kama wa mdogo wake.

Sitaki tumfanye Guilherme kitu cha kuhurumia ili tafakari inoge. Mpewa zawadi ya huruma hupewa kilichobaki. Huyu alipewa kikombe chenyewe.

Sasa turudi kwa Daudi. Amefika Siklagi na watu wake 600, wakakuta mji umeteketezwa, wake na watoto wamechukuliwa na Waamaleki. Wakalia mpaka nguvu za kulia zikawaishia. Kisha wakaanza kufuatilia, na walipofika kijito cha Besori, watu 200 wakashindwa kuvuka. Biblia haisemi walikuwa waoga. Inasema walichoka. Nao walikuwa wamechomewa nyumba, nao walikuwa na wake waliotekwa, ila miguu ilikataa. Wakaachwa na mizigo, 400 wakavuka, wakapigana, wakarudi na kila kitu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Baadhi ya waliokwenda, na Biblia inawaita waovu, wakasema hawa hawakwenda nasi, kila mmoja achukue mkewe na wanawe aondoke, nyara hapati. Kwa hesabu ya kidunia wana hoja: aliyevuja jasho ndiye ale. Daudi akakataa, na akakataa kwa upole, akiwaita ndugu zangu. Hoja yake ni fupi. Vitu hivi ametupa Bwana. Kama tumepewa, basi tusigawe kana kwamba tulivitengeneza. Fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa na vyombo ni sawasawa. Ikawa sheria katika Israeli tangu siku ile.

Kuna jambo dogo katika mstari wa 21 ambalo nimelisoma miaka yote bila kuliona. Kabla ya nyara, kabla ya hoja, Daudi alipowakaribia wale 200 aliwasalimu. Jemadari ametoka vitani, vumbi tele, nyuma yake ng'ombe na kondoo na watu waliookolewa, na la kwanza ni kuwajulia hali waliobaki.

Naandika haya huku nimeinama. Miaka kadhaa iliyopita kwaya yetu ilishinda mashindano. Tulipewa fedha, tukanunua vitenge, doti moja kwa kila mtu aliyepanda basi. Kuna mama mmoja aliyetufundisha sauti ya pili mpaka miguu ikaanza kuvimba, hakuweza tena safari. Juma lile zima alikaa kwenye kigoda akitupigia pasi majoho, pasi ya mkaa, na kila alipoiinua aliipeleka pembeni kwanza akapuliza majivu yasije yakadondokea kola nyeupe. Majoho zaidi ya thelathini. Orodha ya wapewa kitenge niliiandika mimi, nikiwa katibu, na jina lake halikuwemo kwa sababu hakupanda basi. Jumapili iliyofuata tuliingia kanisani wote tumevaa. Yeye alikuwa benchi la mbele. Akanishika mkono akaniambia kitenge kimenikaa vizuri.

Ningekuwa Besori, ningejua nasimama na kundi gani.

Guga naye alifika kijitoni. Mwaka 2001, katika raundi ya nne ya Roland Garros, Mmarekani Michael Russell, aliyetokea kwenye mechi za mchujo, alimtangulia seti mbili, na katika ya tatu akabakiza pointi moja tu amalize. Guga akaiokoa ile pointi, akageuza mechi, na ilipokwisha akachukua raketi akachora moyo mkubwa kwenye udongo, akapiga magoti ndani yake. Baada ya fainali akauchora tena, safari hii akalala katikati. Wenye kumbukumbu ya Roland Garros hawasahau picha ile. Lakini nyonga ilikuwa tayari inauma. Upasuaji 2002, upasuaji tena 2004, na tena baadaye. Katikati ya maumivu hayo, Mei 2004, alimfunga Roger Federer, namba moja wa wakati huo, seti tatu mfululizo. Kisha mwili ukagoma kama miguu ya wale 200.

Novemba 2007 Guilherme alifariki. Alikuwa na miaka 28.

Tarehe 25 Mei 2008 Guga alicheza mechi yake ya mwisho ya mmoja mmoja pale Paris, amevaa sare ya bluu na manjano kama ile ya 1997. Alifungwa na Paul-Henri Mathieu bila kupata seti. Akakaa kitini, akafunika uso kwa taulo, akalia. Wenyeji wakampa zawadi ya kumuaga: kipande cha uwanja wenyewe, kimekatwa kuonyesha tabaka zake, juu ule unga mwekundu wa matofali, chini yake mawe. Ile ngozi nyekundu ya juu ni nyembamba mno, milimita chache tu. Kinachoubeba uwanja kiko chini, hakikanyagwi wala hakipigwi picha.

Yule mama wa majoho yupo hai, siku hizi hatoki nyumbani. Mwalimu wa kwaya amenitafutia doti moja ya kitenge kile iliyokuwa haijashonwa. Jumamosi hii naipeleka. Anayetaka kufuatana nami tukutane kituo cha basi saa tisa na nusu alasiri, na tukifika naomba mfuko ubaki mlangoni kwanza, mpaka tumsalimu.